Majibu kwa Wasomaji: Vipokezi vya Seli na Jeni Zenye Chapa ya Mzazi

Toleo lililopita la safu hii liligusia jeni ambazo husomwa kutoka nakala ya mzazi mmoja tu, yaani jeni zenye chapa ya mzazi, na likataja kwamba baadhi yake zinahusika na vipokezi vya homoni. Barua zilizofuata zilirudia swali moja kwa njia tofauti: ikiwa kipokezi ni protini iliyoko kwenye utando wa seli, na chapa ni alama iliyowekwa kwenye DNA ndani ya kiini, mambo haya mawili yanakutana wapi? Nimechagua barua sita na kuzifupisha bila kubadili maana. Mbili kati yake nimezijibu kwa urefu kwa kuwa ndizo zinazobeba uzito wa suala lenyewe.

SWALI: Shuleni tunawafundisha wanafunzi kwamba homoni ni ufunguo na kipokezi ni kufuli. Je, mfano huu bado unafaa, na una uhusiano wowote na idadi ya nakala za jeni? (Mwalimu wa baiolojia, shule ya sekondari)

JIBU: Mfano huo unafaa kwa jambo moja: unamwonyesha mwanafunzi kwamba umbo la homoni na umbo la kipokezi lazima yaendane. Baada ya hapo unaanza kupotosha, kwa sababu kufuli ama hufunguka ama halifunguki, ilhali seli hujibu kwa kiwango. Seli moja inaweza kuwa na maelfu ya vipokezi vya aina moja, na nguvu ya jibu lake hutegemea vipokezi vingapi vipo, vingapi vimeshikwa na homoni kwa wakati huo, na wingi wa protini zinazopokea ujumbe upande wa ndani. Hata John Newport Langley, alipopendekeza mwaka 1905 kwamba misuli ina dutu maalumu ya kupokea kemikali, aliijenga hoja yake juu ya kiasi: kurare, sumu inayolegeza misuli, ilizuia nikotini isiukaze msuli, lakini nikotini ikiongezwa vya kutosha iliweza kuushinda uzuiaji huo. Niongeze kwamba si kila kipokezi kinakaa kwenye utando. Vipokezi vya homoni za steroidi, kwa mfano, vinafanya kazi ndani ya seli na hatimaye hushika DNA yenyewe.

Suala la nakala za jeni linaingia kupitia mlango huo wa kiasi. Jeni nyingi tunazo nakala mbili, moja ya baba na moja ya mama, na zote mbili husomwa. Moja ikiharibika, mara nyingi nusu iliyobaki inatosha kuendesha kazi. Jeni yenye chapa haina akiba ya namna hiyo. Nakala moja imenyamazishwa tangu mwanzo, kwa hiyo kiasi chote cha protini kinategemea nakala iliyobaki, na ikiharibika hiyo hakuna ya kuifidia. Kati ya jeni zetu takriban 20,000 zinazotengeneza protini, zenye chapa zinazofahamika vyema ni kati ya 100 na 200 hivi, na nyingi zimekusanyika katika kazi ambazo kiasi ndicho kila kitu: ukuaji wa kiinitete, kondo la nyuma, matumizi ya nishati mwilini na tabia za kunyonya na kulea.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nimesoma kwamba kwa panya, jeni ya kichocheo cha ukuaji kiitwacho IGF2 husomwa kwenye nakala ya baba, ilhali jeni ya kipokezi chake, IGF2R, husomwa kwenye nakala ya mama. Nimesoma pia kwamba kipokezi hicho hupunguza ukuaji. Inakuwaje kipokezi kikazuia kitu kinachokipokea, na je, kwa binadamu hali ni hiyo hiyo? (Mwanafunzi wa shahada ya kwanza)

JIBU: Marahaba. Kinachokutatiza ni matarajio kwamba kila kipokezi hupeleka ujumbe ndani ya seli. IGF2R haifanyi hivyo. Ujumbe wa ukuaji wa IGF2 hupita kwenye kipokezi kingine, kile cha IGF1, na kwenye aina moja ya kipokezi cha insulini. Hivyo viwili ndivyo vyenye kimeng'enya upande wa ndani kinachoanzisha mfululizo wa ujumbe kuelekea kwenye kiini. IGF2R ni mchukuzi. Sehemu kubwa ya molekuli zake huwa ndani ya seli, zikibeba vimeng'enya vilivyowekewa alama ya sukari, manosi yenye fosfeti, na kuvipeleka kwenye laisosomu ambako taka za seli husagwa. Sehemu ndogo tu hufika kwenye uso wa seli, na huko hunasa IGF2, huivuta ndani, huiacha kwenye njia ya laisosomu ikasagwe, kisha kipokezi chenyewe hurudi kuchukua mzigo mwingine. Upande wake wa nje una vipande 15 vinavyofanana vilivyopangwa mfululizo; kipande cha 11 ndicho kinachoshika IGF2, na vipande vya 3 na 9 ni miongoni mwa vinavyoshika ile sukari. Protini moja, basi, ina ajira mbili, na ya pili ndiyo inayopunguza ukuaji kwa kupunguza kichocheo kilichopo nje ya seli.

Ushahidi ulijengeka polepole, na kwangu mpangilio wake unapendeza kuliko hitimisho. Mwaka 1974 D. R. Johnson alieleza panya waliopungukiwa kipande cha kromosomu ya 17. Mtoto aliyerithi upungufu huo kwa baba aliishi akiwa na mkia mfupi. Aliyeurithi kwa mama alikufa kabla au karibu na kuzaliwa. Kipande kilekile, jeni zilezile, matokeo tofauti kabisa kutegemea mzazi. Mwaka 1984 maabara mbili, ya Azim Surani na wenzake huko Cambridge na ya James McGrath na Davor Solter huko Philadelphia, zilihamisha viini kati ya mayai yaliyorutubishwa, zikatengeneza viinitete vyenye jenomu (seti nzima ya jeni) mbili za mama au mbili za baba. Hakuna kilichokamilisha ukuaji. Vyenye jenomu za mama peke yake vilikuwa na kondo duni. Vyenye jenomu za baba peke yake vilikuwa na tishu za kondo zilizostawi kuliko kiinitete chenyewe.

Kisha zikaja jeni zenyewe. Thomas DeChiara, Elizabeth Robertson na Argiris Efstratiadis waliharibu jeni ya IGF2 kwa panya na kuchapisha matokeo mwaka 1990 na 1991: mtoto aliyepata nakala mbovu kwa baba alizaliwa na takriban asilimia 60 ya uzito wa kawaida, lakini aliyeipata kwa mama hakupungua chochote, kwa kuwa nakala ya mama ilikuwa kimya hata hivyo. Mwaka huohuo wa 1991 Denise Barlow na wenzake walionyesha kwamba jeni ya IGF2R, iliyoko ndani ya kile kipande cha kromosomu ya 17, husomwa kwenye nakala ya mama tu. Baadaye panya waliokosa nakala ya mama ya IGF2R walizaliwa wakubwa kwa asilimia 25 hadi 30 kuliko wenzao na wengi wakafa karibu na kuzaliwa. Ila jeni ya IGF2 nayo ilipoondolewa, waliishi. Jaribio hilo la mwisho ndilo ninaloliona kuwa na nguvu zaidi, kwa sababu linathibitisha kwamba kilichowaua ni ziada ya IGF2 wala si kukosekana kwa uchukuzi wa vimeng'enya.

Namna nakala ya baba inavyonyamazishwa nayo ina ajabu yake. Ndani ya introni ya pili ya IGF2R (introni ni sehemu ya jeni isiyobeba maelekezo ya protini) kuna eneo ambalo katika yai la mama huwekewa makundi ya methili, yaani alama za kikemikali zinazobeba chapa, na katika mbegu ya kiume huachwa wazi. Kwa kuwa kwenye nakala ya baba eneo hilo liko wazi, huanzia hapo RNA (nakala inayotolewa DNA inaposomwa) ndefu iitwayo Airn, yenye herufi zaidi ya 100,000, ambayo hunukuliwa kwa mwelekeo wa kinyume hadi ikapita juu ya mahali IGF2R inapoanzia kusomwa. Mwaka 2002 Frank Sleutels, Ronald Zwart na Barlow waliikata Airn ikiwa bado fupi, na nakala ya baba ya IGF2R ikafunguka. Wengi walidhani basi kwamba RNA yenyewe ndiyo inayonyamazisha, lakini mwaka 2012 maabara ya Barlow ilionyesha kwamba kwa IGF2R kinachohitajika ni kitendo cha kunukuu kupita juu ya mwanzo wa jeni. Zao lake halina umuhimu huo.

Ama kuhusu sababu ya kuwapo kwa mpangilio huu, maelezo yanayotajwa sana ni ya David Haig, aliyoyatoa kwanza pamoja na Mark Westoby mwaka 1989. Jeni zilizotoka kwa baba hunufaika mtoto akichota zaidi kwa mama, kwa sababu watoto wengine wa mama huyo huenda wakawa wa baba mwingine. Jeni zilizotoka kwa mama zina maslahi sawa katika watoto wake wote. Ni nadharia nzuri, na inalingana na spishi mbalimbali: kwa ndege, ambao kifaranga hukua ndani ya ganda bila kuongeza chochote kutoka kwa mama, kipokezi hiki hakishiki IGF2, na kwa platipasi, mamalia anayetaga mayai, jeni yake haina chapa, ilhali kwa oposamu anayezaa inayo. Hata hivyo sipendi jinsi waandishi wa magazeti wanavyoigeuza kuwa vita vya baba na mama. Jeni haina nia. Kilichopo ni tofauti ndogo za uzazi zilizolimbikizana kwa vizazi vingi.

Kwa binadamu mambo yanabadilika, na hapa wanafunzi wengi hukosea mtihani. IGF2 yetu ina chapa, tena iko kwenye kromosomu ya 11 katika eneo ambalo hitilafu zake huleta sindromu ya Beckwith-Wiedemann, yenye ukuaji uliozidi, au ya Silver-Russell, yenye ukuaji uliodumaa. Lakini IGF2R, ingawa introni yake ya pili bado ina methili kwenye nakala ya mama, kwa watu wengi husomwa kutoka nakala zote mbili, na ni wachache tu waliopatikana wakisoma zaidi nakala ya mama. Alama ipo, matokeo yake hayapo. Usiihamishie habari ya panya kwa mtu bila kuikagua.

SWALI: Ndugu mhariri, kuna mama na mtoto ambao vipimo vyao vimenishangaza. Mama ana kimo kifupi na baadhi ya mifupa ya viganja ni mifupi, lakini kalsiamu na homoni zake ni za kawaida. Mtoto ana umbo lilelile, ila kalsiamu yake iko chini, fosfeti iko juu, na homoni ya parathiroidi iko juu sana. Uchunguzi wa jeni umeonyesha kwamba wote wawili wana hitilafu ileile kwenye nakala moja ya jeni ya GNAS. Inawezekanaje hitilafu moja ilete hali mbili? (Mtaalamu wa maabara ya hospitali)

JIBU: Inawezekana, na kwangu huu ndio mfano bora wa kukutana kwa kipokezi na chapa, kwa sababu kipokezi chenyewe hakina kosa lolote.

Tufuate ujumbe hatua kwa hatua. Kalsiamu ya damu ikipungua, tezi za parathiroidi humwaga homoni yake. Homoni hiyo hushika kipokezi kwenye seli za sehemu ya mwanzo ya mrija wa figo, na seli hizo hufanya mambo mawili: huacha fosfeti ipotee kwenye mkojo, na hukamilisha utengenezaji wa vitamini D iliyo tayari kwa kazi, ambayo huongeza ufyonzaji wa kalsiamu kwenye utumbo. Kwa mtoto huyu homoni imejaa tele, lakini damu inasomeka kana kwamba hana homoni kabisa. Fuller Albright na wenzake walieleza hali hii mwaka 1942. Waliwadunga wagonjwa dondoo ya tezi za parathiroidi, fosfeti ya mkojo isipande inavyostahili, wakahitimisha kwamba tezi ni nzima na tishu ndiyo isiyosikia. Waliifananisha na jogoo wa aina ya Sebright, mwenye manyoya ya kike, wakiamini kwamba ngozi yake haisikii homoni za kiume. Utafiti wa baadaye ulionyesha kwamba ngozi ya jogoo huyo inazigeuza homoni za kiume kuwa estrojeni, hivyo hitimisho lao kuhusu wagonjwa lilisimama huku mfano wao ukianguka.

Mwaka 1969 ilidhihirika ujumbe unakokatikia. Kwa mtu mzima wa afya, homoni ya parathiroidi ikidungwa, AMP ya mzunguko, molekuli inayopeleka ujumbe ndani ya seli, hupanda kwenye mkojo ndani ya muda mfupi. Kwa wagonjwa hawa haikupanda. AMP hiyo hutengenezwa pale kipokezi kinapoamsha protini iitwayo Gs, ambayo nayo huamsha kimeng'enya cha kuitengeneza. Kipande kikuu cha Gs kinatokana na GNAS, jeni iliyoko kwenye kromosomu ya 20. Kipokezi, kwa hiyo, kinashika homoni na kugeuka umbo kama kawaida, lakini upande wa ndani hakuna wa kutosha wa kuupokea ujumbe.

Sasa chapa. Katika tishu nyingi GNAS husomwa kutoka nakala zote mbili. Katika sehemu ya mwanzo ya mrija wa figo, tezi ya thiroidi, tezi ya pituitari na sehemu fulani ya hipothalamasi, nakala ya baba hunyamazishwa kwa kiasi kikubwa. Mtoto wako amepata hitilafu kwenye nakala ya mama. Kwenye mrija wa figo nakala ya baba iko kimya na ya mama ni mbovu, basi Gs inayobaki ni haba mno. Mama, kwa upande wake, karibu bila shaka hitilafu yake iko kwenye nakala iliyotoka kwa baba yake. Kwenye figo zake nakala hiyo ilikuwa kimya tangu awali, na ile nzima ya mama yake inafanya kazi yote. Mifupa ya viganja ni habari nyingine. Kwenye seli za gegedu zinazorefusha mfupa nakala zote mbili husomwa, na kupungukiwa nusu ya Gs kunatosha kufunga ukuaji mapema, awe aliyeleta hitilafu ni baba au mama. Ndiyo maana umbo ni la wote wawili na vipimo ni vya mmoja. Hali ya mama, yaani umbo bila ugumu wa homoni, Albright aliieleza mwaka 1952 bila kuwa na namna yoyote ya kujua kwamba tofauti iko kwa mzazi. Koo zilizochunguzwa na kuchapishwa mwaka 1993 ndizo zilizoonyesha wazi kwamba wenye ugumu wa homoni walikuwa wameurithi kwa mama.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba nakala aliyoipata mama kwa baba yake imekuwa "ya mama" ilipofika kwa mtoto. Chapa haidumu milele kwenye DNA. Katika seli za uzazi za kila mtu alama za zamani hufutwa, kisha huwekwa upya kulingana na jinsia ya mwenye seli hizo. Mayai ya mama huyu yote yana chapa ya kike, bila kujali kila nakala ilitoka kwa nani. Ikiwa ana kaka mwenye hitilafu hiyohiyo, watoto wa kaka watakaoirithi watapata umbo tu bila matatizo ya kalsiamu. Mama mwenyewe, kila akipata mtoto, uwezekano wa kumrithisha hitilafu ni nusu kwa nusu, na atakayeirithi atarithi pamoja na ugumu wa homoni.

Yapo mambo mawili ya kuangalia maabara. La kwanza, kipime pia kichocheo cha thiroidi, TSH, kwa kuwa kipokezi chake hutumia Gs ileile na mara nyingi huwa juu kwa watoto hawa. Wakati mwingine hujitokeza kabla ya kalsiamu kushuka, kwani ugumu wa figo hauonekani mtoto anapozaliwa na hukua taratibu. La pili, kalsiamu ya mkojo. Kwenye sehemu za mrija wa figo zinazofuata ile ya mwanzo nakala zote mbili za GNAS husomwa, na huko homoni bado inasikika na kalsiamu hurudishwa mwilini. Kwa sababu hiyo mgonjwa huyu anapopewa vitamini D iliyo tayari kwa kazi hapotezi kalsiamu nyingi kwenye mkojo kama anavyopoteza mtu aliyeondolewa tezi za parathiroidi. Na iwapo utakutana na mgonjwa mwenye ugumu wa homoni lakini GNAS yake haina hitilafu katika herufi, usimalizie hapo: kuna aina nyingine ya ugonjwa huu ambayo herufi ni sahihi ila methili imepotea kwenye nakala ya mama, na kipimo cha kusoma herufi peke yake hakitaiona. Familia ielekezwe kwa daktari wa homoni na mshauri wa jenetiki.

SWALI: Nimesikia kwamba kila seli ya pua husoma kipokezi kimoja tu cha harufu, tena kutoka nakala moja. Hiyo si chapa ya mzazi? (Msomaji wa kawaida)

JIBU: Hapana. Linda Buck na Richard Axel, waliogundua familia ya jeni za vipokezi vya harufu mwaka 1991 na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2004, walifungua habari ya jeni zinazokaribia 1,000 kwa panya. Binadamu ana 400 hivi zinazofanya kazi. Seli moja ya harufu huchagua jeni moja na nakala moja, lakini uchaguzi ni wa bahati: seli hii imeangukia nakala ya baba, jirani yake ya mama. Ukikusanya pua nzima, wazazi wote wawili wamewakilishwa. Chapa ya mzazi imeamuliwa kabla ya mimba kutungwa, na seli zote za tishu husika huifuata. Uchaguzi wa bahati kama ule wa pua upo pia kwa kromosomu ya X ya mwanamke, ambayo Mary Lyon alieleza mwaka 1961 kwamba mojawapo hunyamazishwa kwa bahati. Ingawa kwenye kondo la panya inayonyamazishwa huwa ni X ya baba daima, na hiyo kweli ni chapa.

SWALI: Je, chakula cha mama mjamzito au mimba inayotungwa maabara vinaweza kufuta chapa hizi? Mimi na mume wangu tunafikiria njia ya maabara na tumesoma mambo ya kutisha. (Msomaji)

JIBU: Chapa zimelindwa kuliko alama nyingine za DNA. Siku chache baada ya yai kurutubishwa, methili nyingi kwenye jenomu husafishwa, lakini maeneo ya chapa hushikwa na protini kama ZFP57 zinazotambua herufi zake na kuhakikisha methili inarudishwa kila seli inapogawanyika. Ulinzi huo unaweza kuteleza, na wakati wa kuteleza ni huohuo wa siku za mwanzo ambazo kiinitete cha maabara huwa kwenye sahani. Kwa kondoo jambo hili lilionekana wazi: watafiti wa Scotland waliripoti mwaka 2001 kwamba viinitete vilivyokuzwa maabara na kuzaa wanakondoo wakubwa kupita kiasi vilikuwa vimepoteza methili ya IGF2R, na protini ya kipokezi hicho ilikuwa imepungua. Mtakumbuka kutoka jibu la pili kwamba kwa binadamu jeni hiyo husomwa kutoka nakala zote mbili, kwa hiyo njia hiyo mahususi ya kondoo haituhusu moja kwa moja.

Kwa watoto wa binadamu, tafiti kadhaa zimeona kwamba sindromu ya Beckwith-Wiedemann hutokea mara nyingi zaidi kwa waliotungwa maabara kuliko kwa wengine. Lakini ni ugonjwa adimu. Hata ukiongezeka mara kadhaa unabaki adimu, na idadi kubwa mno ya watoto hao huzaliwa bila hitilafu yoyote ya chapa. Pia haijaweza kutenganishwa kikamilifu iwapo kinachosababisha ni utaratibu wa maabara au ugumba wenyewe uliowapeleka wazazi huko. Mimi nisingeliacha suala hili liamue. Muulizeni daktari wenu namna mimba inavyofuatiliwa kwa vipimo vya picha.

Kuhusu chakula, utafiti unaotajwa sana ni wa waliokuwa tumboni wakati wa njaa ya Uholanzi ya majira ya baridi ya 1944 na 1945. Bastiaan Heijmans na wenzake walichapisha mwaka 2008 kwamba takriban miaka 60 baadaye, watu waliopitiwa na njaa hiyo mimba zao zikiwa changa walikuwa na methili pungufu kidogo kwenye eneo la IGF2 kuliko ndugu zao wa jinsia moja ambao haikuwapitia. Neno la kuzingatia ni "kidogo". Tofauti ilikuwa ya asilimia chache, haikuwa kufutika kwa chapa, na njaa ile ilikuwa kali. Sioni msingi wa wauzaji wa virutubisho wanaodai bidhaa zao "hurekebisha chapa".

SWALI: Katika maabara yetu tunapanga kuchunguza jeni ya kipokezi kimoja kwenye kondo la panya. Tunajuaje kwamba RNA tunayoiona imetoka nakala ya mzazi yupi, na tutajihadhari na nini? (Mwanafunzi wa uzamili)

JIBU: Mnahitaji tofauti ya herufi. Chukueni koo mbili za panya wa maabara zinazotofautiana kwa herufi angalau moja ndani ya sehemu ya jeni inayoonekana kwenye RNA, muwapandishe pande zote mbili: dume wa ukoo wa kwanza na jike wa pili, kisha kinyume chake. Herufi ya baba ikitawala katika pande zote mbili, mna chapa. Herufi ya ukoo mmoja ikitawala bila kujali nani ni baba, mna tofauti ya kawaida ya kurithi, na wengi waliofanya upande mmoja tu wameiita chapa kimakosa.

Methili nayo mtaipima kwa baisalfaiti. Kemikali hiyo hugeuza sitosini isiyo na methili kuwa urasili, ambayo baada ya kunakiliwa husomeka kama thimini, ilhali sitosini yenye methili hubaki sitosini. Kwenye eneo la chapa mtarajie picha ya aina yake: karibu nusu ya nyuzi za DNA zimejaa methili na nusu nyingine hazina kitu. Mkipata nyuzi zote zikiwa na methili ya mchanganyiko, nusunusu ndani ya kila uzi, hiyo haifanani na chapa hata wastani wake ukiwa asilimia 50. Kwa hiyo someni uzi mmoja mmoja. Wastani peke yake huficha.

Kuhusu takwimu, kuna somo. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti uliodai kwamba kwenye ubongo wa panya kuna maeneo zaidi ya 1,300 yenye chapa, idadi iliyoshinda mara nyingi yale yaliyofahamika. Mwaka 2012 wachambuzi wengine walirudia kuzipitia data za aina hiyo na kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya maeneo hayo mapya ilitokana na kelele za upimaji na takwimu zisizodhibitiwa vya kutosha. Wekeni marudio ya kutosha ya kibaiolojia, na matokeo yoyote mapya yathibitisheni kwa mbinu tofauti na ile iliyoyatoa.

Kondo lina mtego wake wa ziada. Upande wake mmoja ni tishu za mama mjamzito, na damu yake hupita katikati. Kipande kikichanganyika na seli za mama hata kidogo, jeni yoyote inayosomwa sana kwenye seli hizo itaonekana kana kwamba ina chapa ya mama, na vipokezi vya homoni za mimba ni miongoni mwa zinazoathirika zaidi. Pandikizeni viinitete kwenye mji wa mimba wa jike wa ukoo wa tatu mwenye herufi yake ya pekee. Herufi hiyo ikijitokeza kwenye matokeo yenu, mtajua ni kiasi gani cha RNA si cha kijusi, na sampuli iliyozidi kiwango mtakachokubaliana mapema muiondoe kabla ya kuangalia jeni yenu.